Mwenza Anapozama Kwenye Kubeti: Jinsi ya Kuokoa Pesa ya Nyumba, Hatua kwa Hatua

Maswali ninayoulizwa ni yale yale. Mama wa Nkuhungu anauliza kama benki inaweza kuchukua nyumba kwa deni ambalo yeye hakulijua. Mwalimu wa Kongwa anauliza kama ni vibaya kufungua akaunti bila mumewe kujua. Baba wa Area C, ambaye mkewe ndiye anayebeti, anauliza amlipie deni "la mwisho" au amwache. Nafanya kazi ya usaidizi wa kisheria hapa Dodoma, na majibu haya nimeyasema sana kwa mdomo. Sasa nayaandika, ili ukiwa umebanwa uyakute mahali pamoja.

Nakuandikia wewe ambaye mwenza wako ameshavuka kubeti kwa kujifurahisha. Dalili unazijua kuliko mimi: mshahara unaingia asubuhi na jioni haupo, kila wiki kuna mkeka, yaani tiketi ya kubeti, uliochanika kwa timu moja tu, simu inalala chini ya mto, vitu vya ndani vinapelekwa "kwa fundi" na havirudi. Awe anabeti mechi za Ulaya, anacheza kale kandege ka kwenye simu, au anashinda baa kwenye mashine za sarafu, hatua ni zile zile.

Shika jambo moja tangu sasa. Kumponya huwezi peke yako, na hakutaisha mwezi huu. Kuziba njia ambazo pesa ya watoto inapitia, hilo unaweza kulianza leo. Kwa hiyo tunaanza na pesa, mazungumzo yanafuata. Wengi hufanya kinyume. Wanagombana kwanza, mwenza anajua ameshtukiwa, na wiki hiyo hiyo anakopea kila kilichobaki.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Daftari ambalo halitakaa nyumbani.
- Kitambulisho chako cha NIDA na cheti cha ndoa. Kama hamna cheti, tafuta barua ya serikali ya mtaa na watu wawili watatu wanaowajua kama mke na mume. Sheria ya Ndoa ya 1971 inawachukulia walioishi pamoja miaka miwili au zaidi, na jamii ikawatambua hivyo, kuwa wameoana hadi ithibitishwe vinginevyo.
- Nakala za karatasi zote za mali: hati, barua ya toleo, mkataba wa mauziano, risiti za kodi ya ardhi, kadi ya pikipiki au gari.
- Laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako.
- Pesa kidogo taslimu, nauli ya kukufikisha kwa ndugu, iliyowekwa nje ya nyumba.
- Mtu mmoja anayejua kutunza siri. Mmoja tu. Ukiwaambia shoga zako wote wa kikundi, jioni mumeo atakuwa ameshasikia.

Hatua ya 1: Andika hali ilivyo, bila kumwambia

Gawa daftari kurasa tatu. Wa kwanza ni kinachoingia: mshahara, biashara, kodi ya vyumba, mavuno. Wa pili ni mali, na kila mali andika imesajiliwa kwa jina la nani na karatasi zake zipo wapi. Wa tatu ni madeni unayoyajua, na huu uache na nafasi kubwa, kwa sababu deni la kwanza analokiri kwa kawaida si la mwisho.

Kwa kila mali andika pia mchango wako. Kiwanja kilinunuliwa lini, pesa ya matofali ilitoka wapi, nani alikuwa anapikia mafundi. Utaona ni mambo madogo, lakini ndiyo yatakayoulizwa siku moja mbele ya baraza au hakimu. Na kama hukuwa na mshahara, usijidharau. Katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani za mke zinaweza kuhesabiwa kama mchango katika mali ya ndoa.

Piga picha karatasi zote. Karatasi halisi zitoe nyumbani, zikae kwa mzazi, kwa kaka, au mahali pengine pa kuaminika.

Tahadhari: usianze kumpekua simu usiku. Ukikamatwa, mazungumzo yatahama kutoka kwenye pesa kwenda kwenye simu, na hapo umeshashindwa.

Hatua ya 2: Funga simu yako

Pesa nyingi za nyumbani zinaondokea kwenye simu ya asiyebeti. Mwenza anaomba simu "nipige mara moja," anajua namba ya siri kwa sababu ni mwaka aliozaliwa mtoto wa kwanza, na kabla hujamaliza kuosha vyombo ameshachukua mkopo wa Songesha kwa jina lako.

Fanya hivi leo:

- Badili namba ya siri ya M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money na HaloPesa, zote. Usitumie tarehe ya mtu yeyote wa familia.
- Badili na namba ya kufungulia simu, na futa alama za vidole ambazo si zako.
- Piga *106# uone laini zote zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukikuta laini usiyoijua, nenda na kitambulisho kwenye duka la mtandao husika, laini hiyo ifungwe.
- Angalia kama una deni la mkopo wa simu. Kama lipo, lilipe kabla ya kitu kingine, maana kila shilingi utakayowekewa italiwa nalo kwanza.

Salio lisilale kwenye simu. Pesa ikiingia, iwe na kazi yake kabla ya usiku.

Hatua ya 3: Hamisha mlango wa pesa

Kipato chako wewe kiingie kwenye akaunti ya jina lako, benki tofauti na anayotumia mwenza. Kama mshahara wako unaingia kwenye akaunti ambayo kadi yake anaijua, mwone mhasibu wa kazini mapema, kabla orodha ya mishahara ya mwezi haijafungwa.

Akiba ya muda mrefu iweke mahali ambapo kuitoa kunachukua siku. Ndiyo maana napendelea mifuko ya uwekezaji ya UTT AMIS, ambako pesa yako inanunua vipande, kuliko akaunti ya kawaida kwa familia yenye tatizo hili: ukiomba kuuza vipande, pesa haiji papo hapo, na hamu ya kubeti haivumilii kungoja. Akaunti ya muda maalumu nayo inafaa. Pesa ya pamoja, kama ya ujenzi, iwe kwenye akaunti inayohitaji sahihi za wote wawili, na mwambie ofisa wa benki wazi kwamba hutaki huduma ya simu kwenye akaunti hiyo.

Kama uko kwenye VICOBA, zungumza na katibu na mwenyekiti faragha. Waambie hakuna mtu atakayechukua mkopo au hisa zako kwa niaba yako, hata akija na kitabu chako, hata akisema umelazwa. Sanduku lina kufuli tatu, lakini huruma ya wanakikundi huwa inafungua zote.

Hatua ya 4: Pesa igeuke kuwa vitu siku hiyo hiyo

Hapa ndipo nyumba nyingi zinapopona. Pesa ambayo imeshakuwa kitu ni ngumu kubetiwa. Fuata mpangilio huu siku ya mshahara au siku ya mauzo:

Kwanza kodi ya nyumba, ilipwe moja kwa moja kwa mwenye nyumba, upewe risiti au andiko lenye sahihi. Kama anakubali miezi mitatu au sita, mlipe. Pili ada, iende kwenye akaunti ya shule kwa namba ya malipo. Asipewe mtu aipeleke. Tatu umeme. Ukinunua LUKU na kuingiza tokeni kwenye mita yenu, hakuna wa kumuuzia. Nne maji, bili ya DUWASA. Tano chakula.

Kwenye chakula nikae kidogo, maana Dodoma tunaishi na ukame na bei ya mahindi inajua kupanda. Baada ya mavuno, kuanzia kama Mei hadi Julai, gunia huwa rahisi kuliko Januari au Februari. Ukiweza, nunua wakati huo, pale Kibaigwa au kwa mkulima moja kwa moja, pamoja na mtama au uwele kama nyumbani mnakula. Tatizo ni kwamba gunia nalo huuzika. Nimesikiliza mama wa Chamwino aliyekuta magunia yake yamesimama vizuri ukutani, yameshonwa kama alivyoyaacha, kumbe mawili ya nyuma yamejazwa pumba. Kwa hiyo usiweke yote nyumbani. Hifadhi kwa mama yako au kwa jirani mwenye stoo, beba debe moja moja. Mengine sagisha, unga hauuziki kirahisi kama nafaka.

Kama mnalima zabibu Hombolo au Mpunguzi, au alizeti popote, hatari huja kabla ya mavuno. Mnunuzi analipa nusu, zao likiwa bado shambani. Mfuate mnunuzi mnayemjua, na kiongozi wa ushirika kama mpo, umwambie mauzo ya shamba lile yanafanyika mkiwepo wote wawili.

Hatua ya 5: Linda nyumba na kiwanja

Tangu Serikali ihamie Dodoma viwanja vimekuwa pesa ya haraka kuliko ng'ombe. Dalali anapatikana kwa simu moja, mteja anakuja na fedha mkononi, na mtu mwenye deni la kubeti hauzi kwa bei ya soko, anauza kwa bei ya deni. Hatua hii usiiahirishe.

Sheria iko upande wako. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinasema nyumba ya ndoa, hata kama imeandikwa kwa jina la mmoja, haiwezi kuuzwa, kutolewa zawadi, kupangishwa wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza mwingine ndoa ikiwa bado ipo. Kinakupa pia haki ya kuilinda nyumba hiyo kwa zuio. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inataka ridhaa ya mwenza kabla nyumba ya ndoa haijawekwa rehani benki.

Lakini sheria haikimbii yenyewe kumzuia dalali. Lazima uiamshe.

*Kama eneo lina hati:* nenda Ofisi ya Ardhi ya Mkoa, kwa Msajili wa Hati, uombe kuweka zuio, ambalo wenyewe huliita kaveati. Beba cheti cha ndoa, kitambulisho, nakala ya hati au angalau namba ya kiwanja na kitalu, na uandaliwe kiapo na wakili. Zuio likishaingia kwenye daftari la msajili, anayetaka kuhamisha umiliki atagonga mwamba. Jua tu kwamba mwenye hati huarifiwa. Kama una sababu ya kumwogopa, panga kwanza utalala wapi wiki hiyo.

*Kama eneo halina hati,* lina mkataba wa mauziano wa serikali ya mtaa tu: andika barua mbili zinazofanana, moja kwa mwenyekiti wa mtaa, nyingine kwa mtendaji. Fupi. Jina lako, eneo lilipo na majirani zake, kwamba ni mali ya familia, na kwamba hujaridhia liuzwe, likodishwe wala kuwekwa rehani. Kila barua iwe na nakala, na nakala yako igongwe muhuri na kuandikwa tarehe ya kupokelewa. Usiondoke bila muhuri. Ukiambiwa "tumekuelewa mama, nenda tu," kaa kwenye benchi usubiri muhuri.

Nitaeleza kwa nini nasisitiza karatasi hiyo. Kulikuwa na kiwanja maeneo ya Ipagala, msingi umeshapanda, tofali zimepangwa pembeni. Mnunuzi alifika na futi ya kupimia, dalali, mashahidi wawili na mume. Walipokwenda ofisi ya mtaa kuandikiana, mtendaji alifungua faili, akatoa barua ya mke yenye muhuri wake mwenyewe, akaisoma kwa sauti. Mnunuzi hakubishana na mtu. Alikunja futi yake, akaomba arudishiwe pesa ya utangulizi. Mke hata hakuwepo. Alikuwa sokoni Majengo anauza nyanya.

Wapelekee habari majirani wa mipaka pia, maana ndio huitwa kushuhudia.

Tahadhari: kifungu cha 59 kinahusu nyumba ya ndoa. Shamba, au kiwanja cha pili, ulinzi wake hutegemea zaidi kuonyesha kuwa ulichangia. Ndipo daftari la hatua ya kwanza linapofanya kazi. Na kadi ya pikipiki usiiache kwenye droo. Vyombo vingi vinawekwa bondi kwa kuacha kadi tu, chombo kikiendelea kuonekana uani.

Hatua ya 6: Usitie sahihi

Wakopeshaji wengi wanataka sahihi ya mwenza, picha ya pasipoti na barua ya mtaa. Wanajua wanachofanya. Deni alilokopa mwenzako peke yake, kwa jina lake, bila wewe kudhamini wala kuridhia dhamana, ni deni lake. Ukisaini kama mdhamini, limekuwa lako pia, na kochi lako linaweza kuandikwa kwenye orodha ya dhamana.

Jibu lako liwe lile lile kila mara: "Mkopo sisaini." Usieleze sababu, maana kila sababu utakayotoa atakuja na jibu lake. Ukigundua sahihi yako imeghushiwa, mwandikie mkopeshaji barua ukatae mkataba huo, upate nakala iliyopokelewa, kisha utoe taarifa polisi.

Kama mwenza ni mtumishi, fahamu kuwa makato ya mikopo hayatakiwi kumwacha na chini ya theluthi moja ya mshahara. Akikwambia mshahara "wote umekatwa," muombe hati ya mshahara uione. Huenda mahali pesa ilipoishia si benki.

Hatua ya 7: Sasa zungumza naye

Chagua asubuhi ya siku isiyo na mechi, amekula, hajanywa, watoto wako shule. Usizungumze usiku ambao mkeka umetoka kuchanika.

Sema machache, kwa namba. "Baba Neema, mwezi uliopita iliingia laki sita. Kodi haikulipwa na ada haikulipwa. Sitakopa tena na sitasaini. Ya kodi na ada nitakuwa nalipa mimi moja kwa moja. Nataka twende hospitali pamoja." Kisha nyamaza. Usimwite jina baya na usimlinganishe na shemeji yake.

Akikubali, mshike pale pale kwenye vitendo. Aandike yeye mwenyewe kwa huduma kwa wateja ya kila kampuni anayochezea, aombe akaunti ifungwe na asipokelewe tena. Afute programu zao. Mshahara wake uelekezwe kwenye akaunti ya sahihi mbili, yeye apewe pesa ya nauli na chakula taslimu, kwa siku au kwa wiki. Wengi wanaotaka kuacha kweli hupokea utaratibu huu kwa nafuu, ingawa siku za kwanza watanuna. Kampuni ikikataa kufunga akaunti, malalamiko yanapelekwa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, ambayo ndiyo inayotoa leseni.

Kama hamuwezi kuongea wawili, waite wasimamizi wenu wa ndoa, shehe, mchungaji au mjomba anayemheshimu. Chagua mtu ambaye yeye hana deni lake.

Hatua ya 8: Madeni, bila kuokoa jahazi zima

Hili najua linauma, na wengi hawanielewi hadi wamelipa mara kadhaa. Ukimlipia madeni yote kwa mkupuo, umemrudishia uwezo wa kukopa. Jina lake limesafishwa, wakopeshaji wanampokea tena, na wewe umebaki bila mbuzi, bila vitenge na bila hisa.

Yaandikeni yote pamoja. Chakula, kodi na ada vitangulie. Kisha madeni yenye dhamana inayogusa makazi au chombo cha kazi. Kisha wengine, kidogo kidogo, kwa makubaliano ya maandishi. Malipo yaende kwa anayedai moja kwa moja na risiti ibaki kwako. Usimpe mwenza pesa apeleke, hata kama ofisi ya mdai iko mtaa wa pili.

Usikope kulipa mkopo. Mikopo ya kausha damu inakula kila wiki, na ukichukua mmoja kuufunga mwingine utabaki nayo miwili. Mkopeshaji yeyote unayo haki ya kumwomba leseni ya Benki Kuu na nakala ya mkataba. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na leseni. Kama za kwenye simu ya mwenza zimo, zifute, na vitisho vyao vya kutuma picha zenu kwa watu mlionao kwenye simu vitunze kama ushahidi.

Hatua ya 9: Hospitali

Shirika la Afya Duniani linautambua uraibu wa kamari kama ugonjwa. Umo kwenye orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika 2022. Sisi wa Dodoma tuna Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe hapa hapa mjini, watu wanasafiri kutoka mikoa mingine kuifuata, nasi tunaiogopa kwa sababu tumekua tukitaniana kwamba fulani "ataishia Mirembe." Mtu anaingia pale, anaonana na daktari au mshauri, anarudi nyumbani kula chakula cha jioni. Si kila anayekwenda analazwa. Kama mwenza anaona aibu ya geti lile, anzeni na hospitali ya rufaa ya mkoa au kituo cha afya, muombe rufaa.

Wewe pia ongea na mtu. Kulinda nyumba huku hulali usiku kunachosha mwili.

Mambo yakikwama

*Yeye ndiye anayeingiza pesa zote, na ananinyima.* Huhitaji kuomba talaka ili kudai matunzo. Sheria ya Ndoa inamtaka mume amtunze mkewe na mzazi amtunze mtoto, na mahakama inaweza kumwamuru alipe hata ndoa ikiwa ipo. Anza kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri au baraza la usuluhishi la ndoa. Msaada wa kisheria bila malipo upo kwa mujibu wa sheria ya 2017. Waulize TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, au wasaidizi wa kisheria wa kata yako. Wala usidharau kipato kidogo cha kwako, hata cha kuuza karanga, mradi kiingie kwenye laini asiyoishika.

*Wakopeshaji wamekuja kubeba friji.* Usiwafungulie geti kwa hofu. Waambie waonyeshe mkataba uliotaja friji hiyo au amri ya mahakama, na mpigie mwenyekiti wa mtaa afike. Hawana karatasi, hawabebi. Wakitumia nguvu, hilo ni la polisi.

*Ameshinda! Ameleta milioni mbili.* Hii ni siku ya hatari kuliko za kushindwa. Kabla hamjanunua nyama, lipeni ada ya mwaka na kodi ya miezi. Akikataa na kusema "hii ndiyo mtaji," usigombane. Chukua alichokubali kutoa na kilipe leo.

*Ananitishia, au ameanza kunipiga.* Acha hatua zote za juu. Chukua watoto na karatasi zako, nenda kwa ndugu, kisha Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi. Umeumia, omba fomu ya PF3 ukatibiwe. Namba ya dharura ni 112, na 116 ni ya watoto. Kiwanja kitashughulikiwa ukiwa salama.

*Anasema afadhali ajiue.* Mwamini. Usimwache peke yake, ondoa dawa za shambani na sumu ya panya, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Usijilaumu kwamba ni kwa sababu ulimfungia pesa.

*Wazee wanasema nivumilie.* Vumilia na linda. Waonyeshe daftari, hasa ukurasa wa madeni. Wazee wengi hubadilika wakiona tarakimu, na wengine huanza kukumbuka pesa walizoombwa wao wenyewe kwa "mgonjwa" ambaye hakuwepo.

*Alikuwa ameacha, sasa amerudia.* Hutokea, hata kwa wanaotibiwa. Ndiyo sababu ulinzi wa hatua ya pili hadi ya sita hautolewi kwa furaha ya mwezi mmoja mzuri. Mrudishe kwa mshauri, badili namba za siri upya, angalia *106# tena.

*Akaunti yangu ya siri si usaliti?* Pesa ya ada iliyolipa ada haijamsaliti mtu. Weka risiti zote. Siku akipona na kuuliza, utamwonyesha ilipokwenda.

*Tukiachana, nitabebeshwa madeni yake?* Mahakama inapogawa mali huangalia madeni ambayo mmoja aliyaingia kwa faida ya wote wawili. Ya mkeka hayakuwa kwa faida yenu, lakini utatakiwa kuonyesha hivyo, kwa hiyo tunza ujumbe wa miamala.

*Kiwanja kimeshauzwa.* Usisubiri kikao cha ukoo cha Desemba. Leo hii mwandikie mnunuzi barua kwamba hukuridhia, nakala kwa mwenyekiti na mtendaji, zote zigongwe muhuri. Kama kuna hati, weka zuio kabla umiliki haujahamishwa. Kisha mwone wakili au msaidizi wa kisheria kuhusu kufungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya na kuomba amri ya kusimamisha kila kitu. Beba cheti cha ndoa, daftari lako na picha za msingi ulivyokuwa. Mnunuzi akishamwaga mchanga na kokoto, kumtoa kutachukua miaka.